Silinda Moja Jangwani: Habari za Pikipiki Yamaha XT500

Mtu akitaka kununua pikipiki, neno la kwanza analouliza ni hili: «Yakimbia kilometa ngapi kwa saa?» La pili: «Ina nguvu kiasi gani?» Ni wachache waulizao la tatu, ambalo kwa maoni yetu lingepasa kuwa la kwanza: «Ikizimika porini, mbali na fundi, nitaiwasha kwa njia gani?»

Leo twawaletea wasomaji wetu, wazee na wanafunzi pamoja, habari za pikipiki moja ya zamani ambayo hesabu zake, zikisomwa haraka, si za kushangaza hata kidogo. Walakini pikipiki hiyo ilivuka Sahara ikayatangulia magari. Jina lake ni Yamaha XT500. Twataka kuonyesha kwamba sababu za ushindi wake zimo katika hesabu zile zile ndogo, maadamu mtu ajue kuzisoma.

Jinsi ilivyozaliwa

Kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuunda pikipiki mwaka wa 1955. Kwa miaka mingi ilijulikana hasa kwa mitambo ya mapigo mawili. Yafaa tueleze neno hilo kwa ajili ya wanafunzi. Katika mtambo wa mapigo mawili, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi yote imekwisha: petroli imeingia, imegandamizwa, imewaka, na moshi umetoka. Mtambo huo ni mwepesi na vyombo vyake ni vichache, lakini hula petroli nyingi, na oli yake haina budi kuungua pamoja na petroli.

Katika mtambo wa mapigo manne, pistoni hushuka mara mbili na kupanda mara mbili. Ikishuka mara ya kwanza huvuta hewa na petroli, ikipanda huzigandamiza, ikishuka mara ya pili husukumwa na moto, na hapo ndipo nguvu ilipo, ikipanda mara ya pili hutoa moshi nje. Mtambo huo una vyombo vingi zaidi, lakini hutumia petroli kwa kiasi, na oli yake hukaa ndani ikizunguka.

Mwaka wa 1968 Yamaha ilitoa pikipiki ya njia mbaya iitwayo DT-1, ya mapigo mawili, yenye ujazo wa sentimita za mchemraba 250 hivi. Wamarekani waliipenda mno. Lakini wale waliozoea kupanda katika majangwa ya magharibi ya nchi yao walitaka pia kitu kingine: mtambo mkubwa wa silinda moja, wenye mapigo manne, kama ule waliouzoea kutoka Uingereza. Viwanda vya Uingereza, kama BSA, vilikuwa vimeunda pikipiki za namna hiyo kwa miaka mingi, nazo zilisifiwa kwa nguvu na kulaumiwa kwa kuvuja oli. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda hivyo vikadhoofika, na nafasi ikabaki wazi. Yamaha ikaijaza. XT500 ilionyeshwa kwa wauzaji mwaka wa 1975, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1976, na iliendelea kuundwa mpaka mwaka wa 1989.

Tusome hesabu zake

Silinda yake ni moja tu. Upana wake ni milimeta 87, na mwendo wa pistoni, kutoka chini hata juu, ni milimeta 84. Wanafunzi, shikeni kalamu. Nusu ya 87 ni 43.5, yaani sentimita 4.35. Zidisheni namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416: mtapata eneo la sentimita za mraba 59.4 na zaidi kidogo. Zidisheni eneo hilo kwa mwendo wa sentimita 8.4: jibu ni 499. Ndio ujazo wa mtambo, na ndiyo maana ya namba 500 katika jina lake.

Mgandamizo wake ni 9 kwa 1. Maana yake, hewa iliyojaa silinda yote pamoja na chumba cha moto hubanwa hata ibaki sehemu moja ya tisa. Mkigawa 499 kwa 8, mtaona kwamba chumba cha moto kina sentimita za mchemraba 62 na kidogo tu. Mikono mitupu haiwezi kuibana hewa hiyo. Tutaona baadaye mguu wapasa kufanya nini.

Nguvu yake haikuwa sawa katika nchi zote. Kwa wastani ilikuwa kama nguvu za farasi 30. Huko Ujerumani ilishushwa hata 27 kwa ajili ya kanuni za bima. Mlinganishe na Honda CB750 ya mwaka wa 1969, pikipiki ya barabara nzuri, yenye silinda 4 na nguvu za farasi 67. Mtu asomaye haraka atasema: «Ile ya pili ni bora mara mbili.» La, tusikate shauri upesi namna hiyo. Tuangalie kwanza nguvu hiyo yapatikana wapi.

Mama mmoja atwanga kwa mchi mwepesi, mapigo mengi ya haraka. Mwenziwe atwanga kwa mchi mzito, mapigo machache, lakini kila pigo lafika chini ya kinu. Mtambo wa silinda moja kubwa wafanana na yule wa pili. Ndani yake mna gurudumu zito lililochukua nguvu ya kila pigo na kuitunza mpaka pigo lijalo. Kwa hiyo pikipiki yavuta vema hata mtambo uzungukapo polepole. Mpandaji akiingia mchangani au matopeni, hana haja ya kubadili gia kila mara wala kuunguruma kwa hasira. Afungua petroli kidogo tu, na gurudumu la nyuma lasukuma taratibu bila kujichimbia shimo. Mitambo yenye nguvu nyingi sana hulizungusha gurudumu bure, nayo hujizika yenyewe.

Uzito wake, bila petroli, wakaribia kilo 140. Hesabu hii yafaa kuangaliwa kuliko zote. Mtu mmoja aliyeanguka nayo, hata akiwa amechoka, aweza kuisimamisha peke yake. Gari likizama mchangani lahitaji majembe, mbao na watu wa kusukuma.

Gurudumu la mbele lina kipenyo cha inchi 21, la nyuma inchi 18. La mbele ni kubwa na jembamba kusudi lipande juu ya mawe na kukata mchanga; la nyuma ni pana zaidi kusudi lishike ardhi. Gia ni 5. Breki ni za ngoma, mbele na nyuma. Tangi lachukua petroli kadiri ya lita 9 pungufu kidogo.

Mambo manne yaliyofanywa kwa akili

Jambo la kwanza ni oli. Katika pikipiki nyingi oli hukaa chini ya mtambo, ndani ya chombo kama bakuli. Waundaji wa XT500 waliiweka ndani ya bomba kubwa la fremu yenyewe. Kwa njia hiyo mtambo ukawa mfupi, ukakaa juu zaidi, mbali na mawe ya njiani. Na oli, ikipita katika chuma kinachopigwa na upepo, ikapoa.

La pili ni cheche. Sumaku inayozunguka pamoja na mtambo ndiyo inayotengeneza umeme wa plagi. Betri ni ya taa na honi. Basi betri ikifa, mtambo wawaka vile vile. Kwa mtu aliye peke yake nyikani, tofauti hiyo si ndogo.

La tatu ni kupoza. Mtambo wapozwa kwa hewa tu, kwa mapezi ya chuma yaliyouzunguka. Hakuna maji ya kuchemka, wala mpira wa kupasuka, wala kijiko cha maji kitakachoibiwa katika chupa ya mpandaji.

La nne ni urahisi wa kutengeneza. Vali ni mbili tu, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. Ukifungua vifuniko viwili vidogo, waweza kuzirekebisha kwa spana na kibati cha kupimia nafasi. Kabureta ni moja, plagi ni moja. Fundi asiyejua kusoma Kijapani, hata Kifaransa, akiitazama kwa saa moja ataelewa kila chombo chafanya kazi gani. Twaona hilo ni sifa kubwa kuliko farasi 20 za kuongeza.

Namna ya kuiwasha

XT500 haikuwa na kitufe cha kuwashia. Huwashwa kwa mguu, na hapo ndipo wengi waliponyenyekezwa. Mtu akiikanyaga ovyo, mgandamizo huurudisha mguu juu kwa nguvu, na kifundo cha mguu chaweza kuumia vibaya.

Waundaji waliweka misaada miwili. Wa kwanza ni kishikio kidogo upande wa kushoto wa usukani, ambacho hufungua vali kidogo na kuitoa hewa iliyobanwa. Wa pili ni kidirisha cha kioo, kidogo kama kifungo cha shati, kilicho upande wa kulia juu ya silinda. Mpandaji hushika kishikio na kukanyaga polepole huku akitazama kidirisha. Alama nyeupe ikionekana, ajua ya kuwa pistoni imevuka kilele. Ndipo aachapo kishikio, arudishapo kanyagio juu, na kukanyaga mara moja kwa uzito wa mwili wote, bila kugusa petroli. Aliyefuata utaratibu huo aliiwasha hata akiwa mwembamba. Aliyeudharau alichechemea, hata akiwa na misuli ya mchukuzi.

Safari ya Dakar

Mwaka wa 1977 Mfaransa mmoja, Thierry Sabine, alishiriki mashindano ya kutoka Abidjan mpaka Nice. Alipanda XT500. Katika jangwa la Libya akapotea njia, akawa karibu kufa kabla ya kuokolewa. Aliporudi kwao, badala ya kulikimbia jangwa, akatunga mashindano mapya ya kuanzia Paris na kumalizikia Dakar.

Tarehe 26 Desemba 1978 vyombo 182, magari na pikipiki, vikaondoka katika uwanja wa Trocadéro mjini Paris. Safari ilikuwa ya kilometa 10,000 hivi, kupitia Algeria, Niger, Mali na nchi nyingine, hata pwani ya Senegal. Mwaka ule magari na pikipiki vilihesabiwa katika orodha moja. Tarehe 14 Januari 1979, vilivyofika Dakar vilikuwa 74 tu. Wa kwanza alikuwa kijana Mfaransa wa miaka 22, Cyril Neveu, juu ya XT500. Wa pili, Gilles Comte, alipanda pikipiki ya namna hiyo hiyo. Wa tatu, Philippe Vassard, alikuwa na Honda, nayo ya silinda moja. Gari la kwanza, Range Rover, lilikuja nyuma yao.

Tuangalie mambo haya kwa utulivu. Zaidi ya nusu ya walioanza hawakufika. Wengine walikuwa na mitambo yenye nguvu mara mbili au mara tatu. Neveu hakuwa na mtambo wa kushinda kwa mbio. XT500 ya kawaida haipiti sana kilometa 140 kwa saa hata kwenye lami. Alikuwa na mtambo wa kufika. Mwaka wa 1980 alishinda tena, na nafasi nne za kwanza za pikipiki zote zikachukuliwa na XT500. Ni mwaka wa 1981 tu ndipo Hubert Auriol, juu ya BMW ya silinda mbili, alipoipokonya taji. Wahenga wetu walisema: kawia ufike. Katika Sahara neno hilo lilipimwa kwa saa na kwa kilometa, likaonekana kuwa kweli.

Kasoro zake

Tusingekuwa waaminifu tukiisifu bila kutaja kasoro zake. Silinda moja kubwa hutikisika, na mtikisiko hulegeza skrubu na boliti. Aliyetaka kufika ilimpasa kuzikaza kila jioni kabla ya kulala. Umeme wake ulikuwa wa volti 6 tu, na taa yake usiku ilimulika kama kibatari. Breki za ngoma zikiingia maji hazikamati vema mpaka zikauke. Na tangi lilikuwa dogo: kwa lita 5 au 6 kila kilometa 100, petroli yote iliisha baada ya kilometa 150 hivi. Kwa sababu hiyo wapandaji wa Dakar walifunga matangi makubwa.

Hapo pia pana hesabu kwa wanafunzi. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.75 hivi. Mtu akiongeza lita 20, ameongeza kilo 15 juu kabisa, mahali ambapo uzito huiangusha pikipiki kwa urahisi. Kila faida ina gharama yake, na mpandaji mwenye busara huihesabu kabla ya kuondoka.

Gharama ya mashindano

Kuna gharama nyingine isiyohesabiwa kwa kilo. Katika mashindano yale ya kwanza mpanda pikipiki mmoja alikufa huko Niger. Sabine mwenyewe alikufa tarehe 14 Januari 1986 nchini Mali, helikopta yake ilipoanguka. Wote watano waliokuwamo waliangamia. Katika miaka iliyofuata waliuawa pia wenyeji, hata watoto, waliosimama kando ya njia kutazama wageni wakipita. Mwaka wa 2008 mashindano yalifutwa kwa sababu ya hatari ya usalama katika Mauritania, na tangu 2009 yakahamia Amerika ya Kusini, kisha, tangu 2020, Saudi Arabia.

Twayasema haya kusudi kijana asidhani kwamba ushindi wa jangwani ni mchezo wa kuigwa katika njia ya kijiji. Mashine iliyovuka Sahara ilipata sifa kwa kustahimili. Watoto wa kijiji chetu hawana haja ya mshindi. Wana haja ya mpandaji apunguzaye mwendo aonapo nyumba.

Iko wapi leo?

XT500 haiundwi tena, lakini haikufa. Katika Ulaya na Japani wako watu wanaoitunza, na vipuri vyake vyapatikana. Ndugu yake wa barabarani, SR, aliyezaliwa mwaka wa 1978 kutokana na mtambo ule ule, aliendelea kuuzwa kwa ujazo wa 400 mpaka mwaka wa 2021. Wazo lililodumu kiwandani kwa zaidi ya miaka 40, katika kazi ambayo kila mwaka hutafuta kitu kipya, lapaswa kuheshimiwa.

Basi, baba wa jamaa aliyeweka akiba ya miaka mitatu kwa kununua pikipiki, na wewe mwanafunzi utakayenunua kesho, mkifika dukani msiishie kwenye namba ya mbio. Ulizeni: Uzito wake ni kilo ngapi, nami nikianguka peke yangu, nitaweza kuiinua? Yavuta vema polepole, au mpaka iungurume? Betri ikifa, itawaka? Naweza kurekebisha vali zake kwa spana zangu? Vipuri viko mjini kwetu, au mpaka viagizwe ng'ambo? Tangi lake lanifikisha wapi?

Muuzaji akikasirishwa na maswali hayo, nendeni duka lingine. Fedha ni zenu, na njia ya kurudi nyumbani usiku ni yenu pia.